Kungoja toleo jipya au kununua sasa: simu janja na kicheza muziki bega kwa bega

Kila mwaka Septemba inapokaribia, wapenzi wa muziki na vifaa vyake huingia katika kipindi cha kungoja. Mmoja ana simu iliyopasuka kioo pembeni, naye anasema ataivumilia mpaka toleo jipya litoke. Mwingine amekwisha kutia fedha kibindoni kwa ajili ya kicheza muziki kidogo cha mfukoni, lakini amesikia fununu kwamba kipya kiko njiani, basi naye ameahirisha. Ukiwatazama kwa nje, wote wawili wanafanya jambo moja. Kwa kweli wa kwanza anangoja basi lenye ratiba, na wa pili amesimama kando ya barabara akitumaini kwamba lori litapita. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya hao wawili, na pia kwa mtu wa tatu, ambaye bado anajiuliza kwa nini anunue kicheza muziki ilhali simu yake inacheza nyimbo vizuri tu.

Ratiba ya upande mmoja, fununu za upande wa pili

Tuanze na simu, kwa kuwa huko mambo yako wazi. Apple wana mazoea ya kutoa iPhone zao kuu mwezi Septemba. iPhone 17 ilitangazwa tarehe 9 Septemba 2025 na ikaanza kuuzwa tarehe 19 ya mwezi huo huo. Samsung huufungua mwaka kwa jamii ya Galaxy S: S23 ilizinduliwa tarehe 1 Februari 2023, S24 tarehe 17 Januari 2024, na S25 tarehe 22 Januari 2025. Mtu anayeijua kalenda hiyo anaweza kupanga matumizi yake, na kungoja kwake kuna faida inayohesabika. iPhone 17 ilipotoka, iPhone 16 ilishushwa katika duka la Apple nchini Marekani kutoka dola 799 hadi dola 699, na ile mpya nayo ikauzwa kwa dola 799 zile zile ikiwa na hifadhi ya GB 256 badala ya GB 128. Kwa hiyo aliyenunua iPhone 16 mwishoni mwa Agosti alilipa dola mia moja zaidi kwa kukosa subira ya wiki tatu. Ni kweli kwamba punguzo hilo haliingii Kariakoo ya Dar es Salaam wala Luthuli ya Nairobi siku ile ile, kwa sababu mwenye duka aliyenunua mzigo kwa bei ya zamani hataki kuuza kwa hasara, lakini mzigo unaofuata huja na bei nyingine, na mnunuzi mwenye taarifa hujadiliana akiwa na nguvu.

Hesabu hiyo haifanyi kazi kwa simu za bei ya chini na ya kati. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, ambayo ndiyo mama wa Tecno, Infinix na itel, hutoa matoleo mfululizo, na tofauti kati ya toleo la mwezi huu na lile la miezi sita iliyopita mara nyingi ni rangi ya mgongo na mpangilio wa kamera. Anayetafuta simu ya aina hiyo hana sababu ya kungoja chochote.

Sasa njoo upande wa vicheza muziki. Sony walitangaza jamii ya Walkman NW-A100 mwezi Septemba 2019, na warithi wake, NW-A300, wakaja Januari 2023. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu, na aliyekuwa akingoja tangu 2020 alisikiliza uvumi tu muda wote huo. Zaidi ya hayo, NW-A306 iliposhuka ilikuwa na Android 12, wakati Android 13 ilikuwa imetoka tangu Agosti 2022: kifaa kimezaliwa kikiwa nyuma hatua moja.

Hata hivyo mfano unaofundisha kuliko wote ni wa iPod touch. Toleo la sita lilitoka Julai 2015. Kuanzia hapo, kila Septemba, wapenzi wake walikaa macho wakitarajia jipya, na kila Septemba jukwaa lilijaa iPhone. Toleo la saba lilikuja mwishoni mwa Mei 2019, likiwa na umbo lile lile, kioo kile kile cha inchi 4, na kichakataji cha A10, yaani kile kilichotumika katika iPhone 7 ya mwaka 2016. Watu walingoja karibu miaka minne, wakapewa ubongo wa simu ya miaka mitatu nyuma. Tarehe 10 Mei 2022 Apple wakatangaza kwamba kilichobaki dukani kikiisha, basi. Hivyo ndivyo ilivyokoma jamii ya iPod iliyoanza Oktoba 2001 na kifaa cha GB 5 kilichouzwa kwa dola 399.

Kampuni ndogo za China, kama FiiO ya Guangzhou, zina tabia iliyo kinyume. Hizo hazikawii; hutoa vicheza muziki vya kila bei, kiasi kwamba anayengoja huko hana mwisho wa kungoja, kwa maana daima kuna kingine kinachofuata. Wakati kimoja cha Android, JM21, kinauzwa chini kidogo ya dola 200, kingine, Echo Mini, chenye sura ya kaseti ya zamani na kisicho na Wi-Fi kabisa, kinapatikana kwa dola 50 hadi 60.

Msimamo wangu katika hili ni mmoja. Ikiwa simu unayoitaka ni iPhone au Galaxy S, na tarehe ya uzinduzi imebakiza miezi miwili au pungufu, na simu yako ya sasa bado inapiga na kupokea, ngoja, hata kama huna nia ya kununua hiyo mpya, kwa sababu utanunua ile ya mwaka jana kwa bei nyingine. Kicheza muziki usikingojee kabla hakijatangazwa. Ukikihitaji, nunua kilichopo.

Nyimbo zako ziko wapi?

Swali hili ndilo linaloamua kifaa, lakini wengi huliuliza baada ya kulipa. Kuna msikilizaji ambaye muziki wake wote uko ndani ya programu ya kulipia kwa mwezi. Spotify, kwa mfano, ilifunguliwa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2021. Nyimbo alizopakua humo ili asimalize bando si faili zake. Zimefungwa ndani ya programu, haziwezi kuchezwa nje yake hata zikikaa kwenye memori kadi, na programu inamtaka aingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinafutika. Mtu huyu akinunua Echo Mini atakuwa amenunua pambo. Chaguo lake ni simu, au kicheza muziki chenye Android na Wi-Fi kama NW-A306 au JM21.

Msikilizaji wa pili ana faili zake mwenyewe: nyimbo alizonunua, kaseti za baba alizozigeuza kuwa dijitali, mawaidha, kwaya, taarabu za kabla hajazaliwa. Kwake yeye kifaa kizuri ni kile chenye tundu la memori kadi, na hapa simu za bei kubwa zimemtupa mkono. iPhone haijawahi kuwa na tundu hilo, na Samsung waliliondoa katika Galaxy S kuanzia S21 ya mwaka 2021. Jambo la kuchekesha ni kwamba simu nyingi za bei nafuu bado zinalo, pamoja na redio ya FM ambayo waya wa hedifoni huwa ndiyo antena yake.

Hesabu ya nafasi si ngumu. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) hula takriban MB 1 kwa dakika. Ule wa kbps 320 hula MB 2.4, na faili ya FLAC, aina inayobana muziki bila kupunguza ubora wa CD, hula kama MB 5, ikitegemea muziki wenyewe. Kadi ya GB 128 kwa hiyo hubeba nyimbo kama 13,000 za dakika nne nne katika MP3 bora, au 6,000 hivi za FLAC. Mpenzi wa taarabu, ambaye wimbo wake mmoja unaweza kufika robo saa, apunguze matarajio yake.

Ila kadi yenyewe iwe ya kweli. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa GB 128 kwa bei iliyonifurahisha mno, nikaiingiza kwenye kompyuta, ikasoma GB 128 kamili, nikatulia. Nyimbo zilinakiliwa usiku kucha bila kulalamika. Asubuhi, zile za mwanzo zilicheza. Kuanzia herufi M kwenda mbele yalikuwa majina matupu, ukibonyeza wimbo sekunde zinabaki 0:00 na kifaa kinaruka kwenda unaofuata, nao hivyo hivyo, mpaka mwisho wa orodha. Ndani mlikuwa na kama GB 8 tu, na iliyobaki ilikuwa uongo ulioandikwa ndani ya kadi ili idanganye kompyuta. Tangu siku hiyo kadi mpya huijaza kwanza hadi pomoni, kisha hufungua faili za mwisho kabla ya kuziamini za mwanzo.

Sauti, na ile adapta ya dola 9

Wauzaji wa vicheza muziki hutegemea hoja ya sauti kuliko nyingine yoyote, na hoja hiyo ina ukweli nusu. Nusu ya kweli ni hii: Apple waliondoa tundu la hedifoni katika iPhone 7 mwaka 2016, Samsung wakafuata katika Galaxy S20 mwaka 2020, na tangu hapo mwenye hedifoni nzuri za waya amekuwa mkimbizi. Kicheza muziki kinampa tundu, na nguvu zaidi ya kusukuma hedifoni nzito. Hedifoni kama Sennheiser HD 600, yenye ukinzani wa ohm 300, huhitaji msukumo ambao simu ya kawaida haina; ukiziunganisha na simu, muziki unasikika kama uko chumba cha pili. Lakini spika za masikioni ambazo wengi wetu tunazo ni za ohm 16 au 32, na hizo hata simu ndogo ya itel huziendesha bila jasho.

Nusu isiyosemwa dukani ni kwamba kuna njia ya tatu. Adapta ndogo ya USB-C kwenda tundu la hedifoni inayouzwa na Apple kwa dola 9 ndani yake ina kigeuzi cha sauti chenye usafi unaotosha sikio la binadamu wa kawaida, nayo huingia moja kwa moja katika iPhone 15 na zilizofuata. Kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake hubaki chini hata ukipandisha mpaka mwisho, kwa hiyo iombe uijaribu na simu yako kabla ya kulipa, au chukua adapta ya kampuni nyingine. Anayetaka tu kurudishiwa tundu lake hana haja ya kutoa euro 400 hivi, ambazo ndizo NW-A306 ilitakiwa Ulaya ilipotoka.

Kwa asiyetumia waya, tofauti inapungua zaidi. Faili ya CD ina kbps 1,411. LDAC, njia ya Sony ya kurusha sauti kwa Bluetooth, hufika kbps 990 hali ikiwa nzuri, na imo ndani ya Android tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017. Maana yake simu ya Android yenye LDAC na Walkman yenye LDAC zinapeleka sauti kwa njia moja. iPhone yenyewe hutumia njia nyingine, AAC, na haina LDAC. Kununua kicheza muziki cha gharama ili ukitumie na spika za Bluetooth pekee ni kulipia jiko la gesi na kupikia mkaa.

Tena lipo suala la muziki wenyewe, ambalo matangazo hayaligusi. Rekodi za Siti binti Saad zilizofanywa Bombay kuanzia 1928 zilichongwa kwenye santuri za wakati huo, na ukizihifadhi katika faili kubwa kuliko zote utakachoongeza ni ubora wa mkwaruzo. Sauti yake inabaki pale pale, na inatosha.

Chaji, pochi na safari

Ikiwa ningeulizwa sababu moja ya kuwa na kicheza muziki mbali na simu, nisingetaja sauti. Nilisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 800, nikaanza kusikiliza muziki hata kabla ya Chalinze. Tulipokuwa tunapanda Kitonga simu ilikuwa imebaki na asilimia 19, na tundu la kuchajia kwenye kiti changu lilikuwa limekufa. Shemeji aliyekuwa anipokee alituma ujumbe: "Shem, mmefika wapi?" Nikamjibu kwa maneno mawili, nikazima data, nikazima muziki, nikapunguza mwanga wa kioo mpaka herufi zikawa za kubahatisha. Namba yake ilikuwa ndani ya simu ile, tiketi pia, na fedha ya bodaboda, yote. Kuanzia Iringa nilisikiliza injini ya basi.

Simu siku hizi ni pochi na kitambulisho kabla haijawa redio, na kila saa ya muziki unaikopa kutoka huko. NW-A306, kwa vipimo vya Sony wenyewe, hucheza faili za FLAC za kiwango cha CD hadi saa 36, nayo ina uzito wa gramu 113, wakati iPhone 16 ina gramu 170. Huko Mbeya ungefika na kurudi. Lakini haki isemwe: pawabenki ya mAh 10,000 ni rahisi mara nyingi kuliko kicheza muziki chochote cha maana, na msafiri wa mara moja kwa mwaka anunue hiyo na aendelee na maisha yake.

Kipi huchakaa mapema?

Simu huchakaa kwa namna inayotabirika, na ina fundi kila mtaa. Betri ya Tecno au Samsung utaipata Kariakoo kabla ya adhuhuri. Betri ya kicheza muziki cha China ambacho fundi hajawahi kukiona utaagiza mbali, ukibahatika, na kazi ya kukifungua ataifanya kwa kubahatisha. Betri za lithiamu hudhoofika hata zikikaa rafuni bila kutumiwa, kwa hiyo iPod iliyokaa dukani tangu 2019, hata ikiwa bado ndani ya boksi lake, si mpya kwa maana tunayoitaka.

Upande wa programu, kifaa chenye Android au iOS huzeeka pamoja na mfumo wake. iPod touch ya saba iliishia iOS 15, na programu zinaendelea kuiacha moja baada ya nyingine. Simu za Samsung za jamii ya Galaxy S kuanzia S24 zimeahidiwa miaka saba ya masasisho. Sijaona ahadi ya namna hiyo kwenye boksi la kicheza muziki. Kinachosalimika ni kile kisichotegemea Android wala iOS: Echo Mini na jamaa zake vitacheza MP3 miaka kumi ijayo kama vinavyocheza leo, ikiwa betri itakubali.

Anayenunua kilichotumika ana jambo jingine la kuzingatia. Simu ina namba ya IMEI, unaiona kwa kubonyeza *#06#, na tangu mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania ilipozima simu bandia Juni 2016, watu wamezoea kuihakiki namba hiyo kwa kuituma kwenda 15090. Kenya walizima zao mapema zaidi, mwaka 2012. Kicheza muziki hakiingii laini, hakina IMEI, na hakuna mamlaka itakayokwambia kama ni halisi au kama kimeibwa. Kwa anayeagiza kutoka nje, akumbuke kwamba forodha hukokotoa kodi juu ya bei ya kifaa pamoja na usafirishaji na bima, na baada ya hapo VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Dola 200 za JM21 hazibaki 200.

Kwa mwanafunzi mwenye bajeti ndogo na nyimbo zake kwenye kadi, simu ya bei nafuu yenye tundu la hedifoni inamtosha, na aichague leo. Kwa mwenye iPhone na hedifoni za waya zisizo nzito, adapta. Kwa mwenye hedifoni za ohm nyingi, au msafiri wa mara kwa mara, au mzazi anayetaka kumpa mtoto muziki bila kumpa mtandao, kicheza muziki. Na kwa huyo wa mwisho, kile kisicho na Wi-Fi ndicho bora, jambo ambalo orodha za sifa huliandika kama upungufu.

Mimi simu yangu ina ufa unaoanzia kona ya kamera, nami naisubirisha hadi Januari ili Galaxy S ya mwaka huu iwe ya mwaka jana. Kicheza muziki nilinunua mwezi Aprili bila kuuliza nini kinafuata. Kimekaa mfuko wa shati, na kadi yake niliijaza kwanza mpaka mwisho, nikafungua wimbo wa herufi Z. Ulicheza.